Kuweka kumbukumbu za kazi za kijijini: anza na kamba moja ya mwani

Kumbukumbu nyingi za maisha ya kijijini huharibika kabla simu haijaanza kurekodi. Mzee hutolewa kiti, akakalishwa chini ya mwembe, akaambiwa: "Haya babu, tueleze maisha yako." Naye kwa kuwa ni mtu wa adabu zake, hutoa hotuba. Alizaliwa wapi, zamani watu walipendana, vijana wa siku hizi hawasikii, tunaiomba serikali itutazame. Dakika arobaini zinakwisha na bado hujui anafungaje kamba, anajuaje kuwa mavuno yameiva, wala nani anabaki na watoto yeye akiwa kazini.

Mwongozo huu unapita njia nyingine. Chagua kazi, ifuate tangu inapoanza hadi pesa inapofika mkononi, na maisha ya mtu yatajitokeza humohumo. Mfano wangu ni ukulima wa mwani pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye vijiji kama Paje, Bwejuu na Jambiani. Nimeuchagua kwa sababu historia yake ni fupi na bado inashikika. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameutafiti mwani kwa miaka mingi, lakini kilimo chenyewe cha biashara kilianza mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Waliofunga kamba za mwanzo wengi wao bado wapo na wanaweza kuulizwa. Kama kijiji chako ni cha wafinyanzi, wagema, wachoma chokaa au warina asali, badilisha majina ya vitu; utaratibu ni uleule.

1. Punguza mada mpaka ibebeke

"Maisha ya watu wa Jambiani" hayaandikiki. "Ukulima wa mwani" bado ni mzigo mkubwa. "Kamba moja ya mwani, tangu inapofungwa mbegu hadi inapoingia kwenye gunia" inabebeka na mtu mmoja mwenye simu.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi hatua zote za kazi kama unavyozifikiria: kukata vijiti na kuvichonga, kuvipigilia mchangani, kufunga kamba kati ya kijiti na kijiti, kuchagua mbegu, kuifunga kwa tai-tai (vikamba vyembamba vifupi), kukagua, kuondoa majani mengine yaliyonasa, kuvuna, kubeba, kuanika, kupakia, kupima, kuuza. Orodha hiyo itakuwa na makosa na mapengo. Ichukue hivyohivyo. Ukiisoma mbele ya wenye kazi watacheka mahali fulani, na pale wanapocheka ndipo pa kuuliza.

2. Jua kalenda ya kazi kabla ya kupanga yako

Hapa ndipo watu wa mjini hupotea zaidi, wakiwemo wazaliwa wa kijiji waliokaa mjini sana.

Shamba la mwani liko ndani ya bahari, nalo hufikika maji yakipwa vya kutosha. Maji ya bamvu huja mara mbili katika mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo Unguja tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4, bahari inarudi nyuma mbali sana, na shamba linakuwa wazi kwa saa chache. Kilele cha kupwa siku za bamvu huangukia karibu saa nne au saa tano asubuhi, halafu huchelewa zaidi ya nusu saa kila siku inayofuata. Wakati wa maji mafu bahari haitoki vya kutosha, na wakulima wako nyumbani, kwenye mashamba ya juu, au kwenye arusi na misiba.

Basi panga hivi: siku za bamvu nenda ukatazame, siku za maji mafu nenda ukaulize. Anayefika na kamera siku ya maji mafu atapata picha za bahari tupu. Anayemkalisha mtu kwa mahojiano siku ya bamvu, saa nne asubuhi, amemla saa zake za kazi, hata akimshukuru vipi.

Kalenda ya pili ni ya mmea wenyewe. Mwani hukaa majini kiasi cha wiki nne hadi sita ndipo uvunwe. Ukitaka kuiona kamba ileile tangu mwanzo hadi mwisho, jihesabie bamvu ya kufunga, bamvu ya kukagua na bamvu ya kuvuna, kisha siku za kuanika. Huwezi kuifupisha kwa wikiendi moja. Ukiwa na siku mbili tu, chagua hatua moja na uiandike kwa ukamilifu.

Kalenda ya tatu ni ya watu na hali ya hewa. Masika huvuruga kuanika. Ramadhani hubadilisha saa na nguvu za kazi, na nadhani ni wakati mzuri wa kutazama kwa sababu unaona watu wanavyoigawa nguvu, mradi uwe mtu wa kukaa kimya. Kusi na kaskazi navyo vina mambo yake baharini, waulize wenyewe. Kila kazi ina kalenda zake za namna hii: mchuma karafuu wa Pemba, mchunga ng'ombe na mrina asali wote wana siku ambazo hawatakiwi kusumbuliwa.

3. Omba ruhusa kwa ngazi zake

Zanzibar anza kwa sheha. Tanzania Bara ni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake. Kenya ni chifu au naibu wake, pamoja na wazee wa kijiji. Nenda hata kama umezaliwa hapo. Sema unaandika nini, kwa ajili ya nani, na maandishi yataishia wapi. Kama umetumwa na chuo au shirika, kuna vibali rasmi vya utafiti, navyo uvifuatilie mapema, kwa sababu sheha atavitaka.

Ruhusa ya sheha inakufungulia njia ya kuingia kijijini. Bado hujapata ruhusa ya mwenye kazi. Huyo muombe peke yake, sheha au mjumbe akiwa hayupo, maana mbele ya mkubwa ni watu wachache watakaosema hapana.

Namna ya kuomba haina mapambo. Piga hodi, kaa unapooneshwa, maliza salamu zote mpaka ziishe:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwanangu. Za huko?"
"Nzuri. Watoto hawajambo? ... Bibi, nimekuja kwa jambo la mwani. Nataka kuandika kazi hii inavyofanywa, hatua kwa hatua, ili wajukuu waikute. Sina mradi, sina mfadhili, na hakuna pesa itakayokuja nyuma yangu. Naomba unifundishe. Ukiona hapana, hapana."

Sentensi ya "sina mradi" usiiruke. Mtu mwenye daftari kijijini hudhaniwa amekuja kuandikisha majina ya msaada, na ukiliacha wazo hilo likae, majibu yote yatapinda kuelekea huko: shida zitaongezeka na mavuno yatapungua.

Kisha omba ruhusa nne, kila moja peke yake: kuandika, kurekodi sauti, kupiga picha, na kuweka mtandaoni. Wengi hukubali mbili za kwanza na kukataa ya mwisho, na hiyo ni haki yao. Uliza pia atajwe vipi: kwa jina lake, kwa jina la heshima analoitwa mtaani, au asitajwe kabisa. Mimi sipendi fomu za kutia saini vijijini. Karatasi inayotaka dole gumba inawakumbusha watu mikopo na viwanja. Rekodi ruhusa kwa sauti, yeye mwenyewe akisema amekubali nini na amekataa nini. Hata hivyo usidhani jambo hili ni la adabu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na sura, sauti na jina la mtu ni taarifa zake. Kwa mtoto, mzazi akubali na mtoto mwenyewe akubali.

Ukijibiwa "tutaona, inshallah" mara mbili, umeshajibiwa. Shukuru uondoke.

Kuhusu malipo watu wanabishana. Maoni yangu: usinunue majibu, maana ukilipia hadithi utauziwa hadithi. Lakini muda wa mtu una thamani. Kilo ya sukari, mche wa sabuni, au kubeba gunia kutoka majini hadi juu ni malipo yanayoeleweka na hayazui maneno. Kama wewe mwenyewe unalipwa kwa kazi hii, hesabu ni nyingine: mpe sehemu, na mwambie ni ya nini.

4. Vifaa

Simu yenye nafasi, pawabenki, daftari, penseli (wino ukilowa chumvi hutawanyika), kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza la kuwekea simu, na viatu vya plastiki vya kuingilia majini. Upepo wa pwani huua sauti kuliko kitu kingine. Soksi nyembamba safi iliyovishwa kwenye kipaza sauti inasaidia, na kumgeuzia upepo mgongo kunasaidia zaidi. Zima mtandao wa simu unaporekodi ili asikupigie mtu katikati. Kamera kubwa iache nyumbani siku za mwanzo.

5. Siku ya kwanza shika kazi

Usirekodi chochote. Omba ufundishwe kufunga tai-tai, zile kamba nyembamba fupi zinazoshika kichipukizi cha mwani kwenye kamba kubwa. Utafunga vibaya. Utaambiwa imelegea, itachukuliwa na maji. Utaambiwa umeibana mno, itakatika. Hapo unapata kile ambacho swali haliwezi kukuletea, kwa sababu mtu aliyefanya kazi miaka thelathini hajui tena anajua nini. Mikono inajua. Ulimi hukumbuka pale tu anapomwona mjinga akikosea mbele yake.

Jioni yake andika ulichokosolewa, kila kosa na sababu uliyopewa. Huo ndio uti wa mgongo wa maswali yako yote.

6. Ukurasa wa daftari

Gawa ukurasa sehemu tatu: nilichoona, nilichoambiwa, ninachodhani. Usizichanganye, maana baada ya miezi miwili hutaweza kuzitenganisha tena. Hivi ndivyo ukurasa mmoja unavyoweza kusomeka (nimeutunga kama mfano):

*Jumatano, siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Saa 3:50 asubuhi, maji yanatoka. Wanawake watano wanashuka. A. ana kamba tatu begani na gunia tupu. Anapima kamba kwa mikono, pima nne, anahesabu kwa sauti. Anavunja mbegu kwa mkono, hatumii kisu. ULIZA kwa nini. Vijiti viwili vimeng'oka.*

*A. anasema ni mawimbi. B. anasema ni mashua za watalii. Wanabishana, wanacheka.*

*Nadhani mpaka wa shamba la A. na B. ni kile kijiti kilichochongoka, hakuna aliyeniambia.*

*Saa 5:35 maji yanarudi. A. anaondoka wa mwisho.*

Ona jambo dogo la saa. Wewe unaandika saa 3:50, simu inaandika 9:50 kwenye picha ileile. Amua mfumo mmoja, uuandike ukurasa wa kwanza wa daftari, la sivyo atakayesoma miaka ishirini mbele atadhani kulikuwa na safari mbili tofauti.

7. Kuuliza

Siku za maji mafu, baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa kibandani wanafunga au kufungua tai-tai. Mahojiano mazuri ya kazi hufanyika mikono ikiwa na kitu. Mtu akishika kazi hukuangalia mara moja moja tu, na maneno hutoka bila hotuba.

Maswali mapana yatupe. Ukiuliza "Kazi yako ni ngumu?" utajibiwa "Ngumu, mwanangu," basi. Uliza: "Jana uliporudi kutoka baharini ulianza na nini, ukaishia na nini?" Hapo utapata maji ya kisima, kuni, mtoto wa skuli, mume anayesubiri chai, na mgongo unaouma. Ukiuliza "Mwani umebadilishaje maisha?" utapata sentensi za semina. Uliza: "Pesa ya kwanza ya mwani ulinunua nini? Kipo bado?" Muulize akuoneshe.

Mengine yanayozaa:

"Nani alikufundisha? Alikuwa anakaripia?"

"Kamba ikikatika usiku na kusukumwa na maji, unajuaje kuwa ni yako?"

"Hapa palipo shamba lako, kabla yako palikuwa pa nani?"

"Wakati mwani unaingia, wanaume walisemaje?"

"Kabla ya mwani ulikuwa unafanya kazi gani?"

Hilo la mwisho usilikose. Kwa wanawake wengi wa pwani hiyo litakupeleka kwenye makumbi: kuyafukia maganda ya nazi kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, kuyafukua, kuyapiga mpaka usumba utoke, kusokota kamba. Ni kazi nyingine nzima, pengine inayohitaji kuandikwa haraka kuliko mwani wenyewe. Usiihamie siku hiyo. Andika "makumbi, rudi" na umalizie uliyoianza.

Uliza pia kuhusu kilichoshindikana. Mwani unaolimwa Unguja ni wa aina mbili kuu, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini bahari ikipata joto huwa dhaifu; matawi hugeuka meupe na kuvunjika, ugonjwa ambao wataalamu huuita aisi-aisi. Maeneo mengi ya maji madogo yamebaki na spinosamu tu. Kwa hiyo swali "Mara ya mwisho ulivuna kotonii lini, na iliharibikaje?" linakupa mabadiliko ya tabianchi kwa macho ya aliyeyaona kamba kwa kamba, bila hata kuyataja kwa jina hilo. Endelea kidogo: kuhamia maji ya kina kunataka chombo na kujua kuogelea. Nani kijijini anajua kuogelea? Nani alifundishwa utotoni na nani alikatazwa?

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Waswahili hatupendi kukatizwa, ila tunapenda sana kukatiza.

Kuongea na kundi na kuongea na mmoja ni mambo mawili. Katika kundi watu husahihishana, na kwa mambo ya ufundi hakuna njia bora: mmoja akisema wiki nne, mwingine atasema hiyo ni kwa kaskazi, kusi ni vingine. Kwa mambo ya pesa, ndoa na ugomvi wa mipaka, kundi litakupa uongo wa heshima. Hayo yasubiri mkiwa wawili, na mengine yasiulizwe kabisa mpaka ayalete mwenyewe. Wakumbuke pia wasioonekana kwenye picha za mwani: karani wa kupima, dereva wa gari la magunia, kijana wa kubeba kwa ujira.

8. Miaka na vipimo

Watu wachache hukumbuka miaka kwa tarakimu. Tumia nguzo ambazo kila mtu anazijua: Mapinduzi ya 1964, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Niño za 1997 na 1998, kuzama kwa MV Spice Islander Septemba 2011, korona ya 2020. Nguzo bora kuliko zote ni watoto. "Ulipoanza mwani ulikuwa umembeba nani mgongoni?" Mtoto huyo ana cheti cha kuzaliwa, na mwaka umeupata.

Vipimo viandike kama vilivyotajwa, pima, shibiri, ndoo, gunia, kisha siku moja chukua futi na mizani upime kweli. Pima ya mwanamke mrefu na ya mfupi hazilingani, na gunia la mwani mkavu lililoshindiliwa na lile lililojazwa tu yako mbali. Andika vyote viwili.

9. Pesa

Sehemu hii hukosekana kwenye kumbukumbu nyingi, nadhani kwa sababu waandishi wanaona haya. Bila pesa, umeandika mchezo.

Andika bei ya kilo na tarehe yake, kila unapoisikia, na nani alikutajia. Mizani ni ya nani? Kamba na tai-tai zilitolewa na mnunuzi au zilinunuliwa na mkulima, na kama zilitolewa, anaruhusiwa kumuuzia mwingine? Mvua ikinyeshea mwani ulioanikwa, hasara ni ya nani? Pesa inapokelewa na nani, inawekwa wapi? Kipato cha mtu mmoja usikichapishe na jina lake hata akiruhusu haraka. Jirani, shemeji na mdai wake watasoma.

Nawe utaulizwa: huu mwani huko wanaufanyia nini? Jiandae kujibu vizuri. Husindikwa na kutolewa karajinani, kitu cha kugandisha na kushikanisha kinachowekwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingine vingi. Siku utakayolijibu hilo kwa ukamilifu, mazungumzo yatabadilika, kwa sababu wewe pia utakuwa umeleta kitu.

10. Picha na video

Anza na mahali pote kwa mbali, kisha mtu na chombo chake, kisha mikono, kisha kitu peke yake kando ya kiberiti au futi ili ukubwa ujulikane. Sura za watu ziwe mwisho. Kwa video, chukua tendo moja zima bila kusogeza simu: fundo moja tangu mkono unapogusa tai-tai hadi unapoiachia. Video kumi za namna hiyo ni bora kuliko filamu yenye muziki.

Wakulima wa mwani hufanya kazi wakiwa wamelowa, na kanga iliyolowa hushika mwili. Mwanamke aliyekuruhusu kumpiga picha alikuwa anajifikiria akiwa amejistiri. Piga mikono, piga kutoka mbali, au subiri atoke ajifunge kanga kavu. Muoneshe kila picha palepale, na akisema futa, futa mbele yake. Vijiji hivyo vina hoteli na wageni wanaopita ufukweni wakipiga picha watu bila hata salamu, kwa hiyo ukigeuziwa mgongo au ukitupiwa maneno, elewa kisa kilianza kabla yako. Kabla ya kuweka picha mtandaoni, ondoa alama za mahali ambazo simu huziambatisha.

11. Usiku uleule

Hamisha faili kabla ya kulala. Zipe majina yanayojieleza: 2025-03-02_jambiani_kufunga_A_01. Herufi A inasimama badala ya mtu, na ufunguo wa nani ni A ukae kwenye daftari peke yake, mbali na simu. Weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba unayolala. Usitume picha kwa WhatsApp kama picha, maana ubora hushuka. Itume kama hati.

12. Kutoa sauti kuwa maandishi

Saa moja ya sauti hula saa nne au zaidi za kuandika, hivyo usirekodi kila kitu. Wazee wa kusini na mashariki ya Unguja wanasema Kikae, lahaja yao, nacho usikifanyie usafi. Andika kama ilivyosemwa, na chini yake Kiswahili cha kawaida kwa wasomaji wengine. Programu za kuandika sauti zenyewe huchukua maneno zisiyoyajua na kuyageuza kuwa mengine yaliyo karibu, kwa hiyo kazi ya kuhakiki mpe kijana wa kijijini na umlipe. Majina ya vitu vya kazi yakusanye ukurasa wa mwisho, kila jina na picha yake.

13. Rudisha

Siku ya maji mafu, kaa nao usome kwa sauti ulichoandika. Watasahihisha, wataongeza, na kuna kipande watakachoomba kitolewe, kitoe. Kisha chapisha kijitabu hata cha kurasa kumi kwa fotokopi. Kila aliyeshiriki apate chake na picha zake kwenye karatasi, maana picha za simu hupotea na simu. Nakala moja ibaki skuli, moja kwa sheha. Kwa kuhifadhi kwa muda mrefu, zungumza na Nyaraka za Taifa Zanzibar zilizoko Kilimani, au na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uulize mapema wanapokea faili za namna gani na kwa masharti gani. Mwambie mwenye sauti pia, kwa sababu kuweka chuoni ni ruhusa ya tano ambayo hukuiomba mwanzo.

Mtu anaweza kubadili nia baada ya mwaka, labda ameolewa upya, amegombana na mnunuzi, au hataki tu. Toa faili zake mtandaoni siku hiyohiyo, wajulishe wote uliowapa nakala, futa na zako. Kwenye orodha ya faili andika tarehe na maneno "limeondolewa kwa ombi la mwenyewe", usimuulize sababu.